Kauboi na Mizuka kwa Pesa Kidogo: Maswali Ninayoulizwa Malindi

Kila Ijumaa baada ya isha twaonyesha picha kwenye banda la mabati huku Maweni. Ijumaa moja ya mwezi nimeitenga kwa ajili ya picha ninazozipenda kuliko zote: kauboi zenye mizuka ndani yake, tena zile zilizotengenezwa kwa pesa za kuungaunga. Watu wakitoka huwa wananishika mkono mlangoni na maswali, na maswali ni yaleyale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, marefu kwa mafupi.

Kwani hizi ni picha za aina gani?

Ni kauboi za kawaida kwa sura: farasi, bastola, vumbi, mji wenye barabara moja. Tofauti iko kwa adui. Badala ya jambazi wa benki utakuta maiti aliyetoka kaburini, zimwi la chini ya ardhi, au mtu aliyeonja nyama ya mtu akashindwa kuiacha. Mambo yote yaenda kama ulivyozoea mpaka kitu kimoja kiharibike, nacho ni risasi. Mwanamume ambaye maisha yake yote amejilinda kwa bastola anafyatua risasi sita, na yule aliyepigwa bado anakuja. Kwangu mimi picha inaanzia hapo.

Zilianza lini?

Mwaka 1956 ilitoka The Beast of Hollow Mountain, iliyopigwa Mexico, kauboi anapambana na dinosaria. Lakini ninayoihesabu kuwa mama wa zote ni Curse of the Undead ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Edward Dein. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Mpiga bastola wa kukodiwa aingia mjini amevaa nguo nyeusi, na hakuna anayemshinda kwenye pambano la ana kwa ana. Si kwamba ni mwepesi wa kuchomoa. Yeye hupigwa kwanza, akasimama, kisha ndiyo anajibu. Alishakufa zamani. Anayemmaliza ni mhubiri wa mji, kwa msalaba mdogo aliouweka kwenye ncha ya risasi.

Mwaka 1966 mwongozaji William Beaudine, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyeanza kazi enzi za sinema zisizo na sauti, alitoa mbili kwa mpigo: Billy the Kid vs. Dracula, na Jesse James Meets Frankenstein's Daughter. Kila moja inasemekana ilipigwa kwa siku 8 hivi. Ukizitazama utaona haraka ile. Hata hivyo naziheshimu, kwa sababu zilithibitisha kwamba jambo lenyewe lawezekana.

Waitaliano nao waliingia. Antonio Margheriti alitoa E Dio disse a Caino mwaka 1970, akiwa na Klaus Kinski. Mfungwa aachiliwa huru, arudi kulipiza kisasi, na karibu picha nzima ni usiku mmoja wa upepo mkali, kengele zalia na milango yajigonga. Hakuna mzuka wa kweli mle. Kuna mtu tu anayekuja na upepo, na wenye dhambi ndani ya nyumba wanaanza kumwona kama mzuka. Anayejua kusi likishika mwezi wa saba linavyotikisa madirisha hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa nini karibu zote ni za pesa kidogo?

Swali hili ndilo linalonifanya nizipende. Wenye pesa huogopa kitu wasichojua wakiweke rafu gani. Mpenzi wa kauboi hataki maiti, mpenzi wa picha za kutisha hataki farasi, hivyo tajiri anahesabu watazamaji wawili waliopotea badala ya wawili waliopatikana. Zikabaki kwa watu wasio na pesa.

Lakini watu hao waligundua kwamba walichohitaji kilikuwa tayari kipo. Karibu na Los Angeles palikuwa na mashamba yenye miji ya mbao iliyojengwa kwa ajili ya kauboi za zamani: duka, jela, baa, kanisa. Nguo ziko ghalani. Jangwa halilipishwi. Giza pia halilipishwi, na zimwi usiloliona ni rahisi kuliko zimwi unaloliona, tena latisha zaidi.

Kathryn Bigelow alitaka kupiga kauboi miaka ya themanini, akakosa wa kumpa pesa kwa sababu kauboi zilionekana zimekwisha. Akatia wanyonya damu ndani, ikawa Near Dark ya mwaka 1987, kwa bajeti ya dola milioni 5 hivi. Haikurudisha pesa hizo sinemani. Leo ni moja ya picha ambazo wanafunzi wa sinema huzirudia tena na tena. Neno "vampaya" halitamkwi hata mara moja.

Mfano mwingine ni Bone Tomahawk ya mwaka 2015, ya S. Craig Zahler. Dola milioni 1.8, siku 21 za kupiga, na mji wake ni wa mbao wa Paramount Ranch, ambao baadaye uliteketea kwa moto mwezi Novemba 2018. Kurt Russell ndiye mkuu wa polisi wa mji. Mazimwi ya picha hiyo ni watu wa mapangoni walao watu, nao wamepachika mfupa kooni unaotoa mlio. Sauti hiyo ndiyo inayokuganda. Utaisikia muda mrefu kabla hujamwona hata mmoja, na mlio haukuwagharimu kama yangegharimu mazimwi ya kompyuta.

Nieleze tukio moja la Near Dark, kwa sababu nililiona nikiwa nimekaa palepale kwenye banda letu. Wanyonya damu wamejificha kwenye chumba cha gesti, mchana, madirisha yamezibwa. Polisi wazingira nje wafyatua risasi. Risasi zenyewe haziwadhuru. Kila risasi yatoboa ukuta, na kwa kila tundu waingia mwale wa jua, mwembamba kama ufito, na ule mwale ndio unaowachoma. Chumba chajaa fito za mwanga zilizokatizana, nao wanajikunja wapite katikati yake. Nilitazama juu. Bati letu limetobolewa na misumari ya miaka mingi, na siku ile tulikuwa tumeanza mapema, alasiri, kwa sababu ya tatizo la umeme. Miale ileile ilikuwa inashuka juu ya vichwa vya watu, vumbi likielea ndani yake. Mtoto wa jirani aliuvuta mguu wake pole pole kutoka kwenye mwanga. Tundu, vumbi na taa moja kali nje: hicho ndicho chombo chote walichohitaji.

Vampaya ndiye mumiani wetu?

Hapana, ingawa nakubali neno hilo lavutia. Bibi yangu mzaa mama alitukataza kutembea wakati wa magharibi kwa sababu ya mumiani, na kwake mumiani alikuwa mtu mzima kabisa, hai, mwenye gari, aliyetumwa na mkubwa fulani kukinga damu za watu ikafanywe dawa. Enzi za ukoloni hofu hiyo ilienea Afrika Mashariki yote, na kwingine walimwita mzimamoto au chinjachinja. Vampaya ni maiti anayejitafutia chakula chake. Mumiani ni mwajiriwa. Hofu ya mumiani ni hofu ya serikali na tajiri, kwamba damu yako ina soko usilolijua.

Ndiyo maana nasema "mnyonya damu" kwa zile picha za Marekani, na neno mumiani naliweka akiba. Siku mtu wetu atakapopiga picha ya mumiani, mwenye gari lile na taa zake barabara ya vumbi, tusiwe tumeshalichosha jina.

Mbona steringi anakufa?

Wengi wanauliza hili kwa uchungu, na kijana mmoja alidai kurudishiwa shilingi zake. Tumelelewa na kanuni ya banda la video: steringi hafi. Akipigwa ni begani, akianguka ataamka. Kauboi ya kawaida inaheshimu kanuni hiyo kwa kuwa inaamini haki itafika, hata ikichelewa. Picha ya kutisha haina imani hiyo. Ukizichanganya, mtazamaji anakaa saa mbili asijue anaongozwa na kanuni ipi, na wasiwasi huo ndio utamu wenyewe. Kiingilio sirudishi.

Wahindi Wekundu ndio wanaofanywa mazimwi?

Zamani, ndiyo, hata kwenye kauboi zisizo na mzuka. Wenyeji wa nchi ile walionyeshwa kama wanyama ili aliyewanyang'anya ardhi aonekane shujaa. Jambo hili lanikera na sitalifunika kwa kuwa nazipenda hizi picha. Bone Tomahawk yajaribu kujikinga: yaweka mwenyeji msomi anayesema wale wa mapangoni si watu wake. Mimi naona kinga hiyo ni nyembamba. Tazama uamue mwenyewe.

Iliyolishika jambo hili vizuri zaidi ni The Burrowers ya mwaka 2008, ya J.T. Petty. Mwaka ni 1879, familia za walowezi zimetoweka usiku, na wanaume wanashika bunduki kwenda kuwasaka Wahindi Wekundu wanaodhani wamewateka. Waliozichukua ni viumbe vya chini ya ardhi. Na kwa nini vimeanza kula watu? Kwa sababu chakula chake kilikuwa nyati, na wazungu wamewamaliza nyati. Wenyeji walijua kuishi navyo, lakini hakuna aliyewauliza. Kisa kizima kimejengwa juu ya jambo lililotokea kweli, kuangamizwa kwa nyati wa Marekani, na hasira ya ardhi ikatoka hapo.

Hebu nitajie ya kuanza nayo.

Kama unapenda kimya, anza na The Wind ya mwaka 2018, ya Emma Tammi, iliyopigwa New Mexico. Mwanamke yuko peke yake kwenye nyumba ya mbao, mumewe yuko safarini, jirani ni mmoja, na nje ni majani na upepo mpaka upeo wa macho. Hujui kama kuna kitu mlangoni au ni upweke unaomla. Wake za mabaharia wa huku wanaijua nyumba ile.

Kama unapenda vituko, Near Dark. Kama una moyo mgumu, Bone Tomahawk, lakini kula mapema.

Na kuna moja akina dada wa hapa waliipokea nisivyotarajia: A Girl Walks Home Alone at Night ya mwaka 2014, ya Ana Lily Amirpour. Watu wanaongea Kifarsi, mji umebuniwa kuwa wa Irani, lakini yote yalipigwa Taft, mji wa visima vya mafuta huko California. Nyeusi na nyeupe, muziki wa kauboi wa Kiitaliano. Mnyonya damu ni msichana aliyevaa chador, ambayo kwa macho yetu ni buibui kabisa, na anawafuata usiku wanaume wanaowadhulumu wanawake. Kuna mahali anamfuata mwanamume upande wa pili wa barabara, akisimama naye anasimama, akigeuka naye anageuka, vazi jeusi likipepea nyuma. Nguo moja tu, na mwendo. Dada mmoja aliniambia alipokuwa anarudi nyumbani usiku ule, ndani ya buibui lake, alitembea katikati ya njia.

Kuna za Afrika?

Zipo, na nataka watu wazijue. Dust Devil ya Richard Stanley, mwaka 1992, ilipigwa Namibia. Mgeni wa barabarani mwenye koti refu na kofia anaua watu, na anayemfuata ni askari aliyechezwa na Zakes Mokae wa Afrika Kusini. Mtazame Mokae tu. Uso wake una uzito ambao hakuna bunduki iliyo nao. Utaona pia Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa, nyumba zimejaa mchanga mpaka kwenye vitasa. Tuliopita kwenye magofu ya Gede jioni, wageni wakishaondoka, twalijua baridi lile.

Bora zaidi kwangu ni Saloum ya mwaka 2021, ya Jean Luc Herbulot, ya Senegali. Mamluki watatu watoka Guinea-Bissau wakati wa mapinduzi ya 2003, wamebeba mfanyabiashara wa dawa za kulevya, ndege yao yapata hitilafu, wanajikuta kwenye delta ya Saloum, katikati ya mikoko. Nusu ya kwanza ni kauboi kabisa: wageni wenye silaha, meza moja ya chakula, kila mtu ana siri. Kisha ardhi inadai deni lake. Wanazungumza Kifaransa, Kiwolofu, na lugha ya ishara. Vijana wa Lamu niliowaonyesha walinyamaza walipoiona mikoko ile, kwa sababu wangeweza kudhani ni mkondo wa Mkanda, na walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba mkondo wa Mkanda unaweza kuwa mahali pa sinema.

Mbona hutuwekei zile za DJ?

Nampenda DJ Afro, yule msimulia picha, kama mnavyompenda. Picha ya ngumi akiisimulia kwa Kiswahili chake na Sheng huwa tamu kuliko ilivyotengenezwa. Lakini hizi zaishi kwa kimya. Ukiujaza ule upepo maneno, umeng'oa meno ya picha. Kwa hiyo mimi nasimulia dakika tano kabla, nawaeleza nani ni nani, kisha nanyamaza mpaka mwisho.

Watoto waruhusiwe?

Hapana. Angalieni alama ya Bodi ya Kuainisha Filamu: ya 18 ni ya 18. Zile za 1959 na 1966 pekee ndizo ninazowaachia wa sekondari. Mwezi wa Ramadhani hatuonyeshi kabisa, na anayeuliza kama ni halali kutazama picha zenye majini, amuulize sheikh wake. Si kazi yangu.

Tunaweza kupiga yetu hapa?

Twaweza, na nimeshajaribu. Twendeni Marafa. Wenyeji wa Kigiriama wapaita Nyari, mahali palipobomoka penyewe: korongo la minara ya udongo, mwekundu, wa waridi, wa chungwa, mweupe. Kisa kinachosimuliwa ni cha familia tajiri iliyokuwa ikiogea maziwa ya ng'ombe wake, Mungu akachukizwa, akaididimiza nchi yao. Weupe ule ni maziwa na wekundu ni damu. Waamerika walilazimika kubuni ardhi yenye laana, na sisi tunayo, ina hadithi yake, na ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Msiende saa sita mchana. Jua la utosini laua rangi yote na korongo huwa kama tofali. Saa kumi na moja jioni minara inawaka, na una dakika arobaini tu, basi kila mmoja ajue anasimama wapi kabla. Jaribio letu la kwanza lilikuwa mwezi wa saba, na sauti yote iliharibika, kusi lilivuma ndani ya maikrofoni tukarudi na mvumo mtupu. Sasa nakwenda na soksi nene ya sufu ya kuvisha maikrofoni, na maneno muhimu tunayarekodi upya ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Upepo wenyewe naurekodi kando, nauhitaji.

Usiku tunaupata mchana. Wafaransa wanauita usiku wa Kimarekani, kwa kuwa Hollywood ndiyo iliyouzoea. Jua liwe nyuma ya mwigizaji, mwanga wa kamera uushushe mpaka sura iwe ya giza, rangi uisogeze kwenye buluu, na mbingu usiionyeshe hata kidogo, kwa sababu mbingu ndiyo inayofichua uongo wako. Hata simu yafanya hivyo.

Damu tunapika. Shira ileile ya kaimati, nzito, ukatia rangi nyekundu ya chakula, kisha kakao kidogo sana, kwani damu nyekundu tupu huonekana kama sharubati. Ikipoa yang'ata kwenye kidole kama damu kweli. Ila siafu wa Marafa waliipata kabla yetu, mwigizaji wetu aliyekuwa "maiti" akafufuka mapema. Tieni sabuni ya maji kidogo, mradi isiingie mdomoni.

Farasi hatuna. Punda tunao, na punda mweusi juani ana huzuni ambayo farasi hana. Vibali msiviruke: kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, na kabla ya sheria hiyo kuna wazee wa Marafa na vijana wanaolitunza korongo. Anzeni kwao.

Kisa gani cha kwetu kingefaa?

Cha kigango. Wamijikenda humchongea mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, nguzo ya mbao akishakufa, na kigango kikishasimikwa hakiondolewi, hata familia ikihama. Tangu miaka ya sabini na themanini vimeibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, vingi vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudishwa.

Nimeandika kurasa kumi na nne. Vijana wawili wang'oa kigango usiku, wakiuze wapate pikipiki. Mzee mwenye punda anawafuata kwa siku tatu, hana silaha, hana haraka, na kila wakilala wamuota mtu yuleyule akilalamika baridi. Nguzo halisi hatutaigusa, wala mfano wake hautachongwa mpaka wazee wa Kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, watoe neno, nami nimeshawapelekea ujumbe. Wakikataa, kigango hakitaonekana kabisa, tutaonyesha shimo lilipokuwa: udongo mwekundu uliovunjika, upana wa bapa la kasia, na siafu wakiingia na kutoka.

Ninachokosa ni punda mtulivu asiyeogopa taa, pamoja na mwenyewe, kwa siku tatu za mwezi wa Februari.